Ng'ombe wa Tatu Kutoka Nyuma

Ungekutana na ng'ombe wa Wegesa asubuhi, wakishuka kutoka Machochwe kwenda malishoni, ungeapa kwamba kiongozi wao ni Meja. Ungekuwa umedanganyika, wewe na wilaya nzima. Meja alikuwa maksai mwekundu, kifua mbele, kengele shingoni, anayetangulia kwa mwendo wa mgeni rasmi aliyechelewa shereheni na bado anataka apigiwe makofi. Madalali walimzunguka na kumpapasa mgongo, wakisema huyu ndiye nguzo ya zizi. Wegesa aliwaacha waseme wachoke. Kumbe Meja wa watu hakujua hata njia ya kwenda mtoni.

Kila walipofika njia panda, Meja alisimama. Alijifanya anang'ata majani, au anasumbuliwa na nzi, huku sikio moja amelielekeza nyuma. Alikuwa anasubiri. Kule nyuma, wa tatu kutoka mwisho, katikati ya vikongwe na mitamba, alitembea jike mmoja mdogo, mkondefu, rangi ya majivu, hana pembe hata moja. Mgeni angemwona angemhurumia. Huyo ndiye Kipara. Kipara hakulia kwa mdomo wazi kama wenzake. Alitoa sauti fupi ya kufumba mdomo, nzito, ya kifuani, ambayo ukisimama hatua ishirini husikii kitu, kisha akageuza kichwa kidogo upande autakao. Hapo Meja akajitikisa, kengele ikalia, akaingia njia hiyo kama vile uamuzi ni wake, na kundi zima likamfuata.

Wegesa aliyajua haya kwa kuyaangalia miaka mingi. Watu hudhani ng'ombe hawana maneno kwa sababu wenyewe hawana subira. Kuna nani anamlamba nani, na nani anangoja alambwe kwanza. Kuna mashoga wawili wasiolala mbalimbali, na ukimuuza mmoja, mwenzake anakaa wiki mbili hatoi maziwa. Kuna masikio, kuna mkia, kuna kusimama tu na kutazama. Karibu wote walimlamba Kipara shingoni, na yeye alilamba wachache. Mwenye mimba alilala karibu naye. Madume wakianza kugombana, Kipara alipita katikati yao pole pole kama anakwenda zake, na ugomvi ukaisha.

Mume wa Wegesa, marehemu Kisyeri, ndiye aliyemwonyesha. Alipokuwa kitandani siku zake za mwisho alimshika mkono akamwambia, "Usimwambie mtu ni nani anaongoza hawa ng'ombe. Hata ndugu yako wa tumbo moja. Mwizi akimjua Kipara hahitaji fimbo." Wegesa akaitikia. Alijua yuko nchi gani. Huku kwetu ng'ombe akiibwa Machochwe leo, kesho anaweza kuwa ng'ambo ya mpaka amebadilishwa alama, na wewe umebaki na kamba mkononi.

Tena yeye alikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa. Baada ya mazishi, shemeji zake walitaka kugawana kundi. Mwanamke hawezi kundi, walisema, ataliangamiza. Wegesa alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema atalichunga mwenyewe, na siku atakapolipoteza waje wachukue zizi na shamba, yeye aondoke. Maneno hayo aliyasema kwa hasira, lakini wazee waliyashika. Mwaka wa tano sasa, na shemeji bado walikuwa wanahesabu siku.

Mtu pekee aliyemtetea siku ile alikuwa Mwikwabe, mdogo wake. Na Mwikwabe kwake hakuwa mdogo hivi hivi. Kwa Wakurya, ng'ombe wanaokuja nyumbani kwa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka aliyepangwa naye, na Mwikwabe alikuwa amepangwa na Wegesa. Ng'ombe walioletwa na Kisyeri ndio walioleta Sarah, mke wa Mwikwabe, kutoka kwao. Ndiyo maana Sarah hakumwita Wegesa wifi. Alimwita mama, na alipompa maji ya kunawa alipiga goti. Watoto wa Sarah, kwa namna fulani, walikuwa ni ng'ombe wa Wegesa waliogeuka watu. Dada na kaka wa namna hiyo ni chanda na pete.

Kwa hiyo Wegesa alipoteleza kwenye mawe ya mtoni akavunjika mguu, hakujiuliza mara mbili amwite nani. Mwikwabe aliacha mambo yake ya Kerende, kule mgodini ng'ambo ya Mto Mara, akaja Machochwe kuchunga, na Wegesa akalazwa hospitali ya Mugumu, mguu umefungwa plasta kuanzia kisigino hadi gotini.

Wiki ya tatu Mwikwabe akatokea wodini. Mikono imechanwa na miiba, macho mekundu.

"Dada, shikamoo. Mimi nimeshindwa."

"Marahaba. Umeshindwa nini?"

"Hao ng'ombe wako wana shetani. Jana wamesimama barabarani kama wafanyakazi waliogoma. Nimechapa mpaka fimbo ikakatika. Juzi nusura waingie hifadhini, na unajua wakikamatwa mle ndio basi. Ungeniambia nini? Shemeji zako wangesema nini?"

"Unamchapa nani?"

"Meja. Si ndiye mkubwa wao?"

Wegesa alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Alicheka kwa sababu alikuwa na wiki tatu hajacheka, na kwa sababu alimwona mdogo wake mtu mzima akigombana na Meja, ambaye naye maskini alikuwa anasubiri kuambiwa. Kisha kicheko kikamwisha, akafikiri. Siri aliyoahidi kuitunza upande mmoja, kundi kuingia hifadhini upande wa pili. Na anayemwuliza ni Mwikwabe.

"Sogea," akasema. Akamwambia yote. "Mwache Meja na kengele yake. Mtafute Kipara. Mkune kwanza chini ya shingo, usimguse mgongo, hapendi. Akikataa kutoka, usimchape. Mchukue ndama wake umtangulize mbele, ndama akilia atamfuata. Kipara akitoka, zizi lote limetoka."

Mwikwabe alichomoa mwiba mkononi. "Kumbe ni hivyo tu," akasema.

Wegesa aliporudi nyumbani baada ya miezi miwili alikuta kundi limenawiri. Alimshukuru mdogo wake hadharani, akamchinjia mbuzi, akampa na mtamba mmoja aende naye Kerende. Shemeji walikuja kuchungulia, wakaondoka wamenuna.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa pili tangu arudi. Alikamua alfajiri, akawarudisha ndama kwenye kibanda chao, akawaacha wakubwa zizini, akaenda kanisani. Ndivyo alivyofanya kila Jumapili, na kila aliyemfahamu alilijua hilo. Aliporudi saa sita kasoro, mlango wa zizi ulikuwa wazi. Ile miti ya mlango haikuvunjwa wala kutupwa. Ilikuwa imechomolewa mmoja mmoja na kupangwa pembeni, kama anavyofanya mtu wa nyumbani. Zizi lilikuwa tupu.

Akakimbilia kibanda cha ndama. Walipaswa kuwa saba. Sita walikuwepo, wanalia. Wa Kipara hayupo.

Hakupiga yowe papo hapo. Aliketi chini, kwenye samadi, na nguo yake ya kanisani. Mwizi wa mbali angechukua ndama wote, au asingechukua hata mmoja. Angeswaga kundi kwa vishindo akimpiga Meja. Huyu aliingia kwenye kibanda chenye ndama saba, akachukua mmoja tu, tena ndama wa jike kondefu lisilo na pembe ambalo hakuna dalali aliyewahi kuuliza bei yake. Waliojua siri ile duniani walikuwa watatu. Mmoja alikuwa kaburini, mmoja alikuwa ameketi kwenye samadi.

Ndipo akapiga yowe, na lilitoka kwa uchungu ambao majirani hawakujua wote ulikotoka.

Vijana walifika na marungu na mishale. Emanueli, kamanda wa sungusungu, aliinama akasoma nyayo kuanzia mlangoni hadi kichakani, akarudi akikuna kichwa.

"Mama, hawa hawakuswagwa. Anayeswaga anakanyaga nyuma, juu ya nyayo za ng'ombe. Huku nyuma hakuna mguu wa mtu. Kuna mtu mmoja tu, yuko mbele, na ndama. Ng'ombe wamemfuata kwa hiari yao."

"Hiyo ni dawa," akasema mmoja.

"Dawa kabisa," wakaitikia wengine.

Wegesa aliwaacha waseme dawa. Angesema nini? Ukimtaja mtu kwa wizi wa ng'ombe mbele ya vijana thelathini wenye mapanga, si kama umemtaja kituoni. Mwaka jana kuna mmoja alitajwa, na kituoni hakufika. Kwa hiyo alitaka kwanza awe amekosea. Alimpigia Mwikwabe simu, haikupatikana. Akapiga tena alasiri, haikupatikana. Nyayo zenyewe zilipotelea kwenye kivuko cha Mto Mara, mahali makundi mengi hunywesha, na jioni vijana wakarudi mikono mitupu.

Jumatatu asubuhi Mwikwabe akaja kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alisema simu ilizima chaji, habari amezipata njiani. Akamkumbatia dada yake mbele za watu akalia. Wegesa aliyahisi machozi yakimlowanisha shingo. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo ndilo lililomtisha.

"Wameelekea Sirari," Mwikwabe akawaambia wanaume. "Kuna watu wa malori wameona kundi alfajiri likisogea mpakani. Tukichelewa wameshavuka Isebania. Mimi natangulia."

Emanueli akakubali. Wakapanda pikipiki na pikapu moja, na Mwikwabe akaketi mbele kabisa, kama Meja. Shemeji wawili walikuwepo pia, wamesimama uani wakilitazama shamba kwa macho ya watu wanaopima.

Uwanja ulipotulia Wegesa akabaki na ndama sita wanaolia. Tangu jana alfajiri hawajanyonya. Alikuwa amewanywesha maji ya uji kwa ndoo, wakayachezea tu. Akawasikiliza. Ndama hulia na mama yake yuko mahali fulani naye analia, chuchu zimejaa mpaka zinauma. Ng'ombe anaijua sauti ya mwanawe hata ndama mia wakilia pamoja, na ndama naye vivyo hivyo. Wegesa akanyanyuka. Kule wodini alimfundisha Mwikwabe habari za kiongozi. Habari za wale mama sita hakumfundisha, kwa kuwa hakuulizwa, na Mwikwabe maisha yake yote hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Saa tatu Shamsudin wa Mugumu, mnunuzi wa maziwa, akafika na guta lake la matairi matatu na madumu yake matupu.

"Shikamoo mama. Pole sana, nimesikia njiani. Nimepita tu kukupa pole."

"Marahaba baba. Shusha hayo madumu. Unipakizie ndama watatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kerende."

"Kwa mdogo wako?"

"Kwa mdogo wangu."

Shamsudin alimtazama, akatazama ndama, akaanza kushusha madumu. Mtu anayepita kila boma kila asubuhi hujua wakati wa kutouliza.

Njia nzima, hadi wanavuka daraja la Mara na kupanda upande wa pili, ndama walilia na Wegesa aliomba. Hakuomba apate ng'ombe wake. Aliomba wafike kwa Mwikwabe, ndama walie mpaka sauti iwakauke, na kusiwe na jibu. Angerudi Machochwe masikini, shemeji wangemfukuza kama walivyoahidiana, lakini angekuwa bado ana mdogo wake. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alikuwa tayari kulipoteza kundi lote.

Walifika adhuhuri. Malori ya mgodini yalikuwa yametimua vumbi jekundu mpaka majani ya migomba yalikuwa na rangi ya matofali. Nyumba ya Mwikwabe ilikuwa kimya. Nyuma yake, mahali palipokuwa na shamba la mihogo, sasa palikuwa na uzio mrefu wa mabati, mapya, yanayoumiza macho. Shamsudin akazima injini.

Ndama mmoja akalia.

Pakawa kimya, Wegesa akaanza kupumua. Halafu nyuma ya mabati ng'ombe akajibu. Akajibu wa pili, kwa sauti ya kukwaruza ambayo Wegesa alikuwa akiisikia kila alfajiri kwa miaka minane. Kisha wote sita kwa pamoja, na mabati yakaanza kugongwa kwa vifua kutoka ndani. Wegesa alijishika kwenye ukingo wa guta asianguke.

Sarah akatoka jikoni, mikono ina unga. Alipomwona, aligeuza macho kwenye mabati kabla hata hajasalimu.

"Mama..."

"Fungua."

"Mama, naomba kwanza nikueleze."

"Sarah, fungua."

Sarah akafungua. Ng'ombe wakatoka wakikanyagana, ndama wakaruka kutoka gutani kabla Shamsudin hajawashika, kila mmoja akaingia chini ya tumbo la mama yake. Wale watatu ambao ndama wao walibaki Machochwe waliwanusa hawa mmoja mmoja, wakawakataa, wakaendelea kulia. Meja akaja mpaka langoni akasimama hapo, sikio moja limeelekea nyuma. Alisubiri. Wegesa naye akatazama kule nyuma, wa tatu kutoka mwisho, kisha akatazama tena. Kwenye nguzo ya ndani alikuwa amefungwa ndama wa rangi ya majivu, peke yake.

"Kipara yuko wapi?"

Sarah akaangalia chini.

"Nimekuuliza."

"Baba watoto alimchinja jana hiyo hiyo, jioni walipofika. Nilimwambia aache, huyo hana hata nyama. Akasema yule kizee akibaki hai, wengine hawatakaa hapa. Akasema huyo ndiye atakayewarudisha wote kwako."

Wegesa alisikia kila neno. Wizi angeuelewa, watu huiba. Lakini Mwikwabe alikuwa amemkuna Kipara chini ya shingo, kama alivyofundishwa, na Kipara akamwamini kwa sababu Wegesa alimwamini, akatoka na kundi lake lote akimfuata mwanawe mpaka kwenye kisu. Alimchukia mdogo wake. Akajichukia na mwenyewe, maana kisu kile kilinolewa wodini Mugumu, akicheka.

Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa ya Mwikwabe.

"Dada, usilie," akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, sauti laini ya mtu anayebembeleza mgonjwa. "Tuko hapa Sirari. Tumepata fununu nzuri, jioni tutakuwa tumewapata. Nimeweka sauti kubwa, Emanueli na wenzake wote wanakusikia. Waambie neno, wamechoka."

Sarah alikuwa amempigia magoti kwenye vumbi, mikono imeshikana, anatikisa kichwa: usiseme, mama, usiseme. Wegesa angeweza kukata. Angesema jioni kwamba ng'ombe wamerudi wenyewe, na Mwikwabe angerudi kwa watoto wake. Ni yeye aliyembeba huyu mgongoni akiwa mchanga, akamtafunia chakula. Mdomo wake ulikuwa tayari unatafuta uongo wa kumwokoa.

Lakini ng'ombe hawakujua kunyamaza.

"Mama," akaingilia Emanueli, sauti yake ikisogea karibu na simu. "Mbona nasikia ndama?"

"Ndiyo, baba."

"Na mama zao nawasikia. Hao ni ng'ombe gani?"

"Ni wangu. Wote, isipokuwa mmoja."

Huko Sirari honi ya lori ikalia ikapita.

"Uko wapi, mama?"

Yule ndama wa rangi ya majivu pale kwenye nguzo akainua kichwa akalia. Akatega masikio, akangoja. Akalia tena, akangoja tena. Wegesa alimtazama mpaka akashindwa.

"Mwulize aliyeshika simu," akasema.

Sarah akajitupa chini. Kwenye simu Wegesa alisikia pumzi, fupi fupi, na angeitambua pumzi hiyo katikati ya watu mia.

"Dada," Mwikwabe akaita.

Nyuma yake sauti za wanaume zilikuwa zimeanza kupanda.

"Dada!" akaita mara ya pili. Wegesa alimsikia vizuri kabisa, na hakuitika.